Mtoto Huntha Yuko Shuleni Kwako: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi

Kila muhula unapokaribia, maswali hurudi yale yale. Mwalimu mkuu anauliza amlaze bweni gani mwanafunzi aliyeandikwa msichana lakini sauti imeanza kuwa nzito. Mama anauliza kama aieleze shule ukweli au anyamaze. Mwalimu wa darasa anauliza awajibu nini wanafunzi wanaonong'ona. Wote wana wasiwasi, na wengi wana nia njema. Kinachokosekana ni hatua za kufuata.

Makala haya yanazungumzia shule za Kenya, ambako sheria sasa inamtaja mtoto huntha waziwazi ilhali madarasani na mabwenini mengi hayajabadilika. Ukisahau mengine yote, shika hili: si kazi ya shule kuamua mtoto huyu ni nani. Kazi ya shule ni kuhakikisha anaenda haja, anaoga, analala, anaitwa jina lake na anafanya mtihani bila kufedheheshwa.

Kwanza, jua unazungumzia nani

Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile, homoni au kromosomu zisizolingana kikamilifu na zile za kiume au za kike. Si tabia aliyojifunza, si laana, wala haiambukizi. Wengine hutambuliwa na mkunga siku ya kuzaliwa. Wengine hawajulikani mpaka wabaleghe, na hapo ndipo shule huhusika, kwa kuwa mabadiliko hutokea mtoto akiwa sekondari msingi.

Mwalimu anaweza kukutana na hali kama hizi:

- Mtoto aliyelelewa kama msichana anafika miaka 12 au 14, sauti inakuwa nzito, misuli inajitokeza, na matiti hayaoti.
- Msichana anakua kama wenzake, lakini hedhi haianzi.
- Mtoto aliyeandikwa mvulana hukojoa akiwa amechuchumaa, au anaota matiti, au anapata hedhi.

Usilichukulie jambo hili kama la shule nyingine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu huntha 1,524 kati ya Wakenya milioni 47.6, lakini hao ni wale tu waliotajwa mbele ya karani wa sensa, mara nyingi na mkuu wa kaya. Makadirio yanayotumiwa na Umoja wa Mataifa ni kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya watu wote. Ukichukua hata kile kiwango cha chini kabisa, shule yenye wanafunzi 2,000 ingetarajiwa kuwa na mmoja. Huenda yupo kwako tayari na hujamjua kwa sababu amejifunza kujificha.

Sheria inakuruhusu, tena inakudai

Walimu wakuu wengi husema wanasubiri waraka wa wizara. Huna haja ya kuusubiri ili kumtendea mtoto utu. Haya tayari yapo:

- Katiba ya 2010 inalinda usawa (Kifungu 27), utu (28) na faragha (31), na inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima (53).
- Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto huntha kwa jina, na kumpa haki ya kutendewa kwa heshima na kupata matibabu, elimu na uangalizi unaomfaa.
- Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko na pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Kumdhihaki mtoto kwa mwili wake ni mateso ya kiakili.
- Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya na za jinsia ya mtu kuwa data nyeti. Faili ya mwanafunzi si gazeti la kusomwa na kila mwalimu anayepita ofisini.

Mzazi: uiambie shule au unyamaze?

Hakuna jibu moja kwa kila familia, lakini upo utaratibu unaopunguza hatari. Kama mtoto yuko shule ya kutwa, hana dawa ya dharura na anajimudu chooni, si lazima umweleze mtu yeyote leo. Kama anaenda bweni, anatumia dawa kila siku, au mwili umeanza kubadilika mbele ya wenzake, heri shule ijue kabla tatizo halijazuka.

Ukiamua kusema, fuata hatua hizi:

1. Zungumza na mtoto kwanza. Muulize angependa nani ajue, na nani asijue. Ni siri yake kabla haijawa yako.
2. Omba kuonana na mwalimu mkuu peke yake, si siku ya kufungua shule wakati foleni imefika mlangoni.
3. Eleza mahitaji, usitoe historia nzima ya mwili wa mtoto. Inatosha kusema: "Mwalimu, mtoto wangu ana hali ya kuzaliwa nayo. Anahitaji mahali pa kuogea penye faragha, na nisingependa wengine waijue."
4. Ukiwa na barua ya daktari, hakikisha inataja anachohitaji mtoto. Haina haja ya kueleza viungo vyake.
5. Kubalianeni majina ya watu wasiozidi watatu watakaojua, kwa mfano mwalimu mkuu, mwalimu wa ushauri nasaha na muuguzi au matroni.
6. Andika mliyokubaliana, kila mmoja abaki na nakala.

Onyo: usimpe mtoto mzigo wa kueleza. Mtoto wa Gredi ya 7 hawezi kuachwa asimame mbele ya walimu watu wazima awaeleze alivyoumbwa.

Siku ya kusajiliwa

Fedheha nyingi huanzia mezani, siku ya kwanza. Ukumbi umejaa, karani anasoma cheti cha kuzaliwa kwa sauti, anamtazama mtoto, anauliza: "Huyu ni msichana kweli?" Kuanzia hapo habari imeenea.

Mwalimu mkuu, fanya haya kabla ya siku hiyo:

- Weka meza moja ndani ya chumba, mbali na foleni, kwa mzazi yeyote mwenye jambo la faragha. Itangaze kwa wote, ili anayeingia asijulikane ameingilia nini. Wapo watakaoingia kwa sababu ya karo, wengine kwa sababu ya kifafa au mirathi.
- Mwagize karani aandike kilicho kwenye cheti bila maoni. Pakiwa na tofauti kati ya cheti na mtoto anayemwona, anyamaze na kukuletea wewe.
- Usimruhusu mtu yeyote, awe muuguzi, matroni au kiranja, kumvua mtoto nguo ili "kuthibitisha". Uchunguzi wa mwili ni kazi ya daktari hospitalini, kwa idhini. Kumvua mtoto nguo ofisini ni kumdhulumu, na kunaweza kumfikisha aliyefanya hivyo mahakamani.

Vyoo na bafu: mlango wenye komeo

Hapa ndipo pesa kidogo huleta nafuu kubwa. Shule nyingi hudhani zinatakiwa kujenga choo cha tatu chenye kibao chake. Usikimbilie huko. Choo kimoja kilichotengwa kwa ajili ya "yule" kinamtangaza kila anapokiendea.

Badala yake:

- Weka komeo la ndani kwenye kila mlango wa choo, kwa wavulana na kwa wasichana. Anza hata na vyoo viwili.
- Upande wa wavulana, usitegemee sehemu ya wazi ya kukojolea pekee. Wapo wavulana wengi, wasio huntha, waliozaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume, ambao huona haya kusimama pamoja na wengine. Wote wanahitaji mlango.
- Choo cha wageni au cha walimu kiruhusiwe kwa mwanafunzi yeyote mwenye kibali cha muuguzi, bila kutaja sababu.
- Gawa bafu la pamoja kwa kuta fupi au mapazia mazito. Kama fedha hakuna, weka zamu za kuoga zenye watoto wachache, na nafasi ya mapema au ya mwisho kwa anayeomba.

Matengenezo haya yatamfaa pia msichana aliye kwenye hedhi, mtoto mwenye kovu la moto na yule anayekojoa kitandani. Ndiyo maana yanamlinda huntha: anapata anachohitaji bila kunyooshewa kidole.

Bwenini

Swali la bweni ndilo linalowanyima walimu usingizi. Lijibu kwa mpangilio huu.

*Muulize mtoto na mzazi wake.* Anajisikia salama wapi? Mtoto aliyeishi maisha yake yote kama msichana hahamishiwi bweni la wavulana kwa sababu sauti imebadilika. Kuhamishwa ghafla ni kutangazwa, na ni kumweka mahali anapoweza kushambuliwa.

*Tazama mpangilio wa vitanda.* Kitanda cha pembeni karibu na chumba cha matroni, chenye pazia kama vilivyo vitanda vingine vichache, huwa kinatosha. Chumba cha vitanda viwili au vinne, pale kilipo, ni bora zaidi.

*Usimtenge peke yake stoo au chumba cha wagonjwa.* Kumlaza mtoto pekee muhula mzima ni adhabu, hata ikiitwa ulinzi.

*Kagua bila kuvua.* Ukaguzi wa sanduku na wa usafi ufanyike mtoto akiwa amevaa. Marufuku ukaguzi wa miili, uwe wa kutafuta mimba au wa kutafuta simu.

Na je, usalama wa wengine? Ni swali halali. Kanuni ni zile zile kwa wote: matroni anayezunguka usiku, taa inayowaka koridoni, hakuna watoto wawili kitanda kimoja, na kila malalamiko yanafuatiliwa. Mtoto hageuzwi kuwa mshukiwa kwa sababu ya maumbile yake. Mara nyingi yeye ndiye anayechokozwa.

Ikitokea mwanafunzi amepangiwa shule ya upili ya jinsia isiyomfaa, mzazi aombe uhamisho mapema kupitia shule na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, akiambatisha barua ya daktari. Shule ya mseto ya kutwa inaweza kuwa chaguo zuri, mradi liwe chaguo la familia. Mwalimu mkuu anayesema "mtafutieni shule ya kutwa" bila kujaribu lolote anamfukuza mtoto kwa lugha ya upole.

Sare, mistari na michezo

Angalia mara ngapi kwa siku shule yako huwagawanya watoto kwa jinsia bila sababu. Gwarideni wavulana kushoto, wasichana kulia. Foleni ya uji vilevile, na deki pia. Kila mgawanyo unamlazimu mtoto huyu kuchagua mbele ya umati.

- Panga mistari kwa darasa, kwa kimo au kwa nambari ya daftari la mahudhurio.
- Ruhusu suruali kwa wasichana wote wanaotaka, hasa maeneo ya baridi. Sweta na fulana za michezo ziwe za aina moja kwa wote.
- Mtoto asilazimishwe kubadili nguo za michezo uwanjani au mbele ya wenzake. Avae ndani ya sare tangu asubuhi, au apewe dakika tano na mlango.
- Kuogelea na mazoezi ya nguo chache yawe na njia nyingine ya kushiriki kwa yeyote anayeomba.

Kuhusu mashindano, tenganisha somo la michezo na timu ya kaunti. Somoni kila mtoto acheze. Mashindano rasmi yana kanuni zake, na hizo zijadiliwe faraghani na mzazi kabla ya safari ili mtoto asije kushushwa basini. Mwalimu wa riadha asijigeuze daktari kwa sababu mtoto anakimbia sana. Wakenya waliona jinsi Margaret Wambui, aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio 2016, alivyojadiliwa mwili wake hadharani baada ya kanuni za homoni za shirikisho la riadha duniani kubana washindani wa mbio hizo mwaka 2019. Kama mtu mzima mwenye nishani aliumizwa na maneno hayo, sembuse mtoto wa miaka 13.

Hedhi na dawa: mambo mawili yanayosahaulika

Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2017, serikali inatakiwa kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Mtoto aliyeandikwa mvulana na akapata hedhi hayumo kwenye orodha hiyo. Weka pakiti chache kwa muuguzi na kwa mwalimu wa ushauri nasaha, mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuchukua bila kusaini wala kueleza. Weka pia pipa lenye kifuniko angalau ndani ya choo kimoja cha wavulana.

La pili linahusu uhai. Baadhi ya watoto huntha wana hali ya tezi za adrenali wanayozaliwa nayo, na hutumia dawa ya haidrokotisoni kila siku. Mtoto kama huyo akikosa dozi, au akipatwa na homa kali, kutapika, kuhara au jeraha kubwa, anaweza kuzidiwa vibaya ndani ya saa chache.

Shule inayomlaza mtoto mwenye hali hii iwe na:

- maelekezo ya daktari yaliyoandikwa, yakisema dozi ya kawaida na ya siku ya ugonjwa;
- dawa ya akiba mahali panapofikika usiku, si kabatini mwa mtu aliyeenda likizo;
- kanuni moja inayojulikana na matroni na mlinzi: akitapika dawa au akilegea, apelekwe hospitali mara moja. Asiambiwe apumzike hadi asubuhi.

Usimnyang'anye mwanafunzi dawa langoni kwa sababu hukuielewa. Mpigie mzazi.

Minong'ono ikianza

Itaanza. Kinachotofautisha shule salama na shule katili ni jibu la mtu mzima wa kwanza kuisikia.

Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, huyu ni mvulana au msichana?", jibu kwa ufupi na bila hasira: "Ni mwanafunzi mwenzako. Mwili wa mtu si mada ya darasa. Rudi kwenye kazi yako."

Akirudia kwa dhihaka, shughulikia uonevu kama uonevu mwingine wowote: andika, mwite mzazi, fuatilia. Usimwite aliyeonewa aje kusuluhishwa na mwonezi wake mbele ya watu.

Mzazi mwingine akija akisema, "Nimesikia mmeweka mtoto wa ajabu na binti yangu," mjibu hivi: "Mama, hatuzungumzi habari za mtoto wa mtu mwingine, kama ambavyo hatutazungumza za binti yako. Niambie, kuna jambo lolote alilotendewa binti yako?" Likiwapo, chunguza. Lisipokuwapo, mshukuru na uagane naye.

Picha au video ikisambaa, chukua hatua siku hiyo hiyo. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inaadhibu usambazaji wa picha za faragha za mtu. Toa taarifa kwa mzazi, afisa wa watoto na polisi. Mtoto mwenyewe au mtu mzima yeyote anaweza kupiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, usiku na mchana.

Walimu nao wajichunge ofisini. Wanafunzi husikia kicheko cha chumba cha walimu kabla hawajajifunza chao.

Majina na vyeti: usisubiri Gredi ya 9

Kosa dogo la usajili humfuata mtoto mpaka kazini. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani, KNEC, kumpa Audrey Mbugua cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Audrey ni mwanamke aliyesajiliwa mvulana utotoni, na cheti cha zamani kilikuwa kikwazo kila alipotafuta ajira. Kesi hiyo ilionyesha kwamba cheti kinaweza kurekebishwa, lakini pia kwamba urekebishaji ukichelewa unahitaji mawakili na miaka.

Mzazi, fuata ratiba hii:

1. Kabla ya Gredi ya 3, kagua cheti cha kuzaliwa. Nambari ya tathmini ya KNEC anayopewa mtoto hapo itaendelea naye.
2. Kama jina au jinsia iliyoandikwa haimfai, muone afisa wa usajili wa raia na wakili. Mashirika ya huntha, kama Intersex Persons Society of Kenya, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu yanaweza kukuelekeza.
3. Kila usajili wa mtihani, Gredi ya 6, ya 9 na KCSE, omba uone orodha kabla haijafungwa.
4. Tunza nakala za kila barua mahali pamoja.

Wakati mambo ya kisheria yakiendelea, mwalimu anaweza kumwita mtoto darasani kwa jina analolitumia nyumbani. Shule zetu zimejaa watoto wanaoitwa majina yasiyo kwenye vyeti. Hakuna sheria inayovunjwa.

Mtoto asiye huntha, lakini hajioni katika jinsia aliyoandikiwa

Wapo pia watoto ambao mwili wao haujatofautiana na wa wengine, lakini wanakwambia kwamba hawajisikii kuwa wavulana au wasichana kama walivyoandikwa. Na wapo wanaotaniwa tu kwa mwendo au sauti: mvulana mpole, msichana anayependa mpira. Usiwachanganye, na usiwabandike jina wasilojipa.

Mtoto akikueleza:

- Msikilize amalize. Sema, "Asante kwa kuniamini. Uko salama kuzungumza nami."
- Usimhubirie wala kumwahidi usichoweza kutimiza. Uliza anachohitaji sasa hivi. Mara nyingi ni kukomeshwa kwa matusi, au mahali pa kubadilishia nguo.
- Usikimbilie kumpigia mzazi. Kwanza uliza: "Nyumbani wakijua, nini kitatokea?" Akitaja kipigo au kufukuzwa, shirikiana na mwalimu wa ushauri nasaha na afisa wa watoto kabla ya hatua yoyote.
- Akizungumzia kujidhuru, usimwache peke yake, na umfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo. Hapo siri ina mpaka, na umwambie hivyo waziwazi.

Hatua za faragha na za kupambana na uonevu zilizotajwa juu zinamhusu naye pia, neno kwa neno.

Pingamizi mnazosikia, na majibu

*"Dini hairuhusu."* Dini zetu zimemjua mtu huyu kwa karne nyingi. Wanazuoni wa fiqhi wamemjadili huntha katika mirathi na katika safu za sala, wakitafuta nafasi yake badala ya kumfukuza. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 19, Yesu anataja waliozaliwa wakiwa tofauti tangu tumboni mwa mama zao. Mwombe sheikh au padri wenu aje azungumze na walimu kuhusu huruma kwa mtoto aliyeumbwa hivi.

*"Hatuna pesa."* Komeo, pazia na chumba chenye mlango siku ya usajili si mradi wa mamilioni. Mengi ya haya ni mpangilio na ulimi.

*"Tukimsaidia mmoja, wengine wataiga."* Hakuna anayeiga maumbile. Na mtoto anayeomba kuoga kwa faragha hajaharibu kitu.

*"Si afanyiwe upasuaji tu, mambo yaishe?"* Shule isimshinikize mzazi kwa hilo kamwe. Sheria ya Watoto imeweka mipaka kwa upasuaji wa kubadili viungo vya mtoto huntha, kwa sababu haurudishwi nyuma na wengi waliofanyiwa wakiwa wachanga wamekua wakijutia uamuzi ambao hawakuulizwa. Matibabu yajadiliwe na madaktari bingwa, bila haraka ya kufungua muhula.

Makosa yanayorudiwa zaidi

- Kuitisha mkutano wa shule nzima "kuwaelimisha" wanafunzi juu ya mtoto mmoja. Fundisheni kuhusu heshima ya miili kwa ujumla, bila kumlenga mtu.
- Kumfanya mtoto mfano wa ujasiri asioomba. Hataki kupigiwa makofi. Anataka kusoma.
- Kuamini kwamba ukimya wake ni amani. Fuatilia mahudhurio yake: mtoto anayekosa siku za michezo, asiyekunywa maji ili asiende chooni, au anayeamka saa tisa usiku kuoga, anakuambia kitu.
- Kubadilisha walimu wanaojua bila kukabidhiana. Mwalimu mpya akija, mzazi aambiwe kwanza nani atajulishwa.

Anza hivi

Wiki hii: tembea vyooni na mabafuni, hesabu milango isiyofungika, na upeleke idadi hiyo kwa bodi ya usimamizi. Waambie karani, muuguzi, matroni na viranja kwamba hakuna mwanafunzi atakayevuliwa nguo kukaguliwa.

Muhula huu: teua mtu mmoja wa kupokea mambo ya faragha na uwajulishe wazazi wote jina lake. Badili mistari ya gwaride. Weka sodo mahali pa wazi kwa wote. Pitia na walimu majibu ya minong'ono, mpaka yawe mepesi mdomoni.

Mwaka huu: gawa bafu kwa kuta au mapazia, kagua orodha za mitihani pamoja na wazazi, na andika taratibu hizi kwenye kanuni za shule, zisitegemee wema wa mwalimu mkuu mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

Watoto wengi huntha huacha shule ingawa akili za kusoma wanazo. Huondoka kwa sababu kwenda chooni kumekuwa vita vya kila siku. Vita hivyo mtu mzima mwenye ufunguo, kalamu na neno moja la ukali kwa wakati wake anaweza kuvimaliza, na mtu huyo ni wewe.